Ukoo wa Surua

Mtoto wa dada yangu alizikwa Nyanungu kabla sijafika. Nilikuwa kazini kwenye maabara ya mifugo, mkoa mwingine, na basi liliharibika njiani. Nilikuta turubai limeshateremshwa na wanawake wanaosha masufuria ya msiba. Nikamwamkia mama mkwe wa dada, nikaonyeshwa nyuma ya nyumba. Dada alikuwa amekaa chini, ameegemea zizi la mbuzi. Zizi lilikuwa tupu.

"Mbuzi wameenda wapi?" niliuliza, maana sikujua nianze na lipi.

"Waliobaki nimewagawa. Sitaki kuwaona."

Nilijua habari za wale mbuzi kwa simu. Walikuwa wameugua sotoka ya mbuzi na kondoo: kamasi, macho yenye tongotongo, vidonda mdomoni, kuhara. Dada aliwahudumia mwenyewe, akiwafuta pua kwa kitambaa na maji ya chumvi, na binti yake wa miaka minne akiwa pembeni amemshikia bakuli. Afisa mifugo, kijana aliyehamishiwa pale kutoka Pwani, alipokuja kuchanja aliwaambia watu wasiupuuze, kwamba virusi vya sotoka ni ndugu wa virusi vya surua ya watoto. Aliongea ukweli, na kwa nia njema. Kisha mtoto akapata homa, macho yakawa mekundu, vipele vikaanzia usoni vikashuka mwilini. Kifua kikabana. Alifia zahanati, mgongoni kwa mama yake, wakisubiri gari la kumpeleka hospitali.

Mama mkwe ndiye aliyetamka kwanza, mbele ya waombolezaji: mbuzi wamemuua mtoto, na aliyemweka karibu nao anajulikana.

"Mura," dada aliniambia, neno la kwetu la kumwita kijana wa kiume, kama alivyoniita tangu tukiwa wadogo Susuni, "wewe ndiyo kazi yako hiyo. Ni kweli ni ndugu?"

"Ni kweli."

"Basi."

"Si hivyo, dada. Nisikilize kidogo."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wanaokuja maabara. Kwamba virusi tunavipanga kwa koo, na jina la kila ukoo tunalimalizia kwa namna moja ili ujulikane duniani kote. Zamani watu walitazama ugonjwa na umbo. Siku hizi tunasoma vinasaba vyake, tunalinganisha, na vinavyofanana sana tunavikalisha nyumba moja. Virusi vya surua na vya sotoka viko nyumba moja, inaitwa Morbillivirus. Kisha kila kimoja kina jina lake la pili, mara nyingi la yule kinayemshambulia: cha mbuzi, cha mbwa, cha mtu.

"Hilo jina la nyumba lina maana gani?"

Nilitamani asiulize. "Ni Kilatini. Ni ugonjwa mdogo."

"Mdogo?"

"Madaktari wa zamani waliiita surua hivyo kuitofautisha na tauni."

Alitazama mikono yake. "Na hicho cha mbwa, kinakaa kwa mbwa tu?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia kiliwahi kuua simba wengi hapa hapa Serengeti.

"Kama cha mbwa kinaingia kwa simba, cha mbuzi kinashindwaje kuingia kwa mtoto wangu?"

Ni swali ambalo wenzangu nao wanaliuliza. Nilimjibu ninachokijua: wafugaji wameishi na mbuzi wenye sotoka miaka mingi, na hajaonekana mtu aliyeugua kwa ajili hiyo. Damu aliyotolewa mtoto zahanati ilipimwa, na majibu niliyoyaulizia kwa simu yalisema ni surua ya watu. Na kata nzima watoto wengine walikuwa wanaumwa, hata wa nyumba za walimu zisizo na mbuzi.

"Kwa hiyo hakupata kwangu. Hakupata zizini."

"Hapana, dada. Alipata kwa mtu."

Nilidhani nimemtua mzigo. Uso wake ukabadilika taratibu mpaka nikaogopa.

"Tulienda Nyansurura," alisema. "Kwenye harusi ya wifi. Watoto walilazwa kitanda kimoja, mmoja alikuwa anakohoa. Nikasema ni mafua. Nilimfunika wangu vizuri, nikamsogeza katikati apate joto."

"Hukujua."

"Mbuzi niliweza kuwafukuza, mura. Sasa hili nitalifukuzia wapi?"

Nilikaa naye hadi walipotuita kula, na hatukula.

Kabla ya kuondoka nilizungumza na mama mkwe. Nilimweleza yote. Alisikiliza, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema hakujua, na jioni ile alimpelekea dada uji mwenyewe. Dada alipokea kikombe, akashukuru.

Nilirudi tena alipojifungua mtoto mwingine, wa kiume. Kila chanjo alimpeleka mwenyewe, mvua au jua. Lakini kwenye sherehe haendi, na kanisani anakaa nje, mbali na pumzi za watu. Nilimkuta mlangoni, mtoto kifuani. Mama mkwe alitoka jikoni, mikono ameinawa vizuri, akainyoosha kumpokea mjukuu wake.

Dada aligeuka taratibu, akampa mgongo.