Ugonjwa wa Mikono Pale Steji

Kananu wa mtaa wa Majimbo, mjini Embu, ni muuza thabai, zile mboga za porini ambazo kwenye mukimo, kile chakula cha viazi vya kupondwa, ni utamu mtupu, lakini ukizigusa mbichi utajikuna hadi jioni. Miaka kumi na miwili amezichuma kando ya mto na kuzipeleka soko la Runyenjes. Thabai hazijawahi kumsumbua. Kilichomsumbua ni mikono ya watu.

Makanga wa steji, wale wakusanya nauli wa kituo cha magari, walikuwa na tabia ya kumsaidia kila mwanamke kupanda gari. Wanaume walipanda wenyewe, hata mzee wa mkongojo. Ila mwanamke, hata awe na miguu ya swara, lazima asukumwe kwa nyuma kwa viganja viwili, tena bila haraka. Kananu alilalamika mara mbili kwa Naftaly, mwenyekiti wa steji, mzee wa kanisa asiyevua koti.

"Mama Sheila, hiyo ni huduma," Naftaly alimwambia. "Vijana wanakuonea huruma, na wewe unaleta kesi."

Angemeza hasira kama kawaida, lakini binti yake Sheila alikuwa anahamia shule ya kutwa huko Runyenjes, na Jumatatu angeanza kupanda gari peke yake. Kananu hakutaka viganja vile vimguse mtoto wake. Jumatano akajifunga gunia zito kiunoni, akapanga thabai mbichi juu yake kwa nyuma, akazifunika kwa leso nyepesi iliyochakaa. Siku hiyo na kesho yake alipanda magari kumi na mawili, akateremka kutoka karibu yote kabla hayajaondoka, akidai amesahau mizani.

Wa kwanza kumsaidia alikuwa Kithaka, makanga mwenye mikono myepesi kuliko wote. Kufikia Alhamisi jioni makanga kumi na mmoja walikuwa wamevimba viganja, na hakuna aliyetaka kusema ameutoa wapi ugonjwa huo. Wengine walisema ni pepo, wengine ni rangi ya milango. Naftaly aliamuru magari yaoshwe kwa dawa, akaita maombi, akawavisha vijana glavu. Yeye mwenyewe alianza kusalimia watu kwa mkono wa kushoto, jambo lililowaudhi wazee wenzake.

Ijumaa akaja Rahema, afisa wa afya, mama mfupi asiye na mchezo. Akawapanga foleni.

"Mmeshika nini?"

"Milango, daktari."

"Dereva anashika mlango huo huo na hana kitu. Nini kingine?"

Wote wakaficha glavu mgongoni. Kananu alisimama pembeni na mboga zake.

"Kama hamjui, nafunga hii steji siku kumi na nne."

Kithaka akainua glavu. "Ni mama wa thabai."

"Ulimshika wapi?"

"Nilikuwa namsaidia tu kupanda."

"Sijauliza ulikuwa unafanya nini. Nimeuliza wapi."

Kithaka akageuka, akaonyesha kwenye mwili wake mwenyewe. Rahema akaandika. Wa pili naye akageuka. Mmoja baada ya mwingine, wote kumi na mmoja wakageuka na kuonyesha pale pale, mbele ya abiria, na Rahema akaandika mara kumi na moja. Kisha akamtazama mwenyekiti.

"Na mzee, huo mkono ulio mfukoni?"

Naftaly alisema ni baridi yabisi. Rahema akamwambia autoe. Mkono ulipotoka, ulikuwa umevimba kama andazi. Kananu aliutazama kwa hasira, kwa sababu malalamiko yake yote mawili alikuwa ameyapeleka kwa mwenye mkono huo.

Jumatatu Sheila alifika steji na sare yake ya shule, hana hata jani moja. Gunia alikuwa amelikataa katakata. "Mum, siwezi enda shule na mboga kwa nyuma," alisema.

Kithaka, mikono mgongoni, alimuuliza akiwa mbali. "We ni mtoi wa mama wa thabai?"

"Ndio."

Akarudi nyuma hatua mbili, na Sheila akapanda mwenyewe.

Msichana aliyemfuata aliulizwa vivyo hivyo, naye akajibu ndio. Kufikia Ijumaa kila mwanamke aliyepanda gari pale alikuwa mtoto wa Kananu, pamoja na nyanya mmoja wa miaka themanini, aliyejibu kabla hajaulizwa.