Mlango wa Mzee Bura

Mzee Bura amejenga nusu ya nyumba za huku kwetu Masakta, na hakuna hata moja iliyopata ufa. Mimi jirani yake nalala katika mojawapo. Sasa ana miaka sabini na mbili, na mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili.

Mwaka jana walikuja wakubwa na magari mawili, wakatueleza mkutanoni kwa nini serikali inafanya maboresho: kuongeza ufanisi, kupunguza urasimu, kusogeza huduma karibu na mwananchi. Basi kijiji kimoja kikawa viwili. Ukiniuliza mimi, walikata kijiji kwa sababu ni rahisi kuliko kumwondoa mtendaji mvivu. Mpaka ulipita juu ya paa la Bura.

Mwezi uliopita ikatangazwa kambi ya macho ya siku tano Katesh, upasuaji bure kwa wazee. Bura akataka kwanza barua ya utambulisho, maana huku hata mbuzi haendi mnadani bila barua. Siku ya kwanza ya kambi, mkewe Kornelia alimshika mkono hadi kwa Gregory, mtendaji wa kijiji cha zamani.

"Shikamoo mzee," alisema Gregory, adabu tele. "Wewe si wangu tena. Mlango wako unatazama kijiji kipya."

Verdiana, mtendaji wa kijiji kipya, naye akamwamkia vizuri. Ana meza, kiti, na chati ya muundo mpya ukutani. Muhuri haujafika kutoka wilayani.

"Rudi tu kwa Gregory, mzee."

Akarudi. Gregory hakuinua hata uso kwenye simu yake. "Mlango, mzee. Si nimekuambia ni mlango?"

Mimi nilitukana. Bura alikwenda nyumbani, akachukua nyundo na tindo, akapapasa ukuta wa nyuma, akaanza kutoboa. Kwa siku tatu alifanya kazi kwa vidole, mimi nikimchanganyia udongo. Akaweka mlango upande wa Gregory, akaziba ule wa zamani kwa matofali. Fremu ilikaa sawasawa. Niliona uchungu mpaka nikashindwa kumsifu.

Asubuhi ya siku ya tano Gregory alikuja kukagua. Akaufungua mlango, akaufunga, akagonga muhuri kwenye barua. Alitabasamu kama aliyeujenga yeye, mpumbavu yule.

Tulifika Katesh saa kumi jioni. Muuguzi alikuwa anafunga masanduku ya vifaa, na gari la madaktari lilikuwa limeshaondoka. Bura akatoa barua kwenye koti, akamnyooshea.

"Shikamoo babu. Hii ya nini?"

"Ya utambulisho, binti. Ina muhuri."

"Sisi hatukumdai mtu barua," alisema muuguzi. "Ungekuja tu, babu. Jana tulikaa mchana mzima bila mgonjwa."