Sabuni ya Kwaya na Mashati ya Abiria

Ijumaa, ndani ya mtumbwi wa mota uliotutoa Lubunga kutuvusha mto, akina mama watatu wa kwaya walikuwa wakiuza sabuni waliyopika wenyewe kwa mafuta ya mawese, ili wanunue ngoma mpya kabla ya Pasaka. Papa mmoja, abiria mwenye doa la pondu, mboga ya majani ya muhogo, kifuani, akacheka.

"Mama, hii sabuni haina povu. Jaribu kwanza ku shati yangu."

"Vua, papa."

Akavua. Mama mmoja akachota maji, akasugua, doa likatoka. Vigelegele! Wanaume wote wakaanza kuvua. "Na yangu, mama! Iko muchafu sana!" Povu likafuata mtumbwi.

Tulipokaribia ng'ambo, vifua vilikuwa wazi na hakuna aliyenunua hata kipande. Mmoja wa wale akina mama, kiongozi wa kwaya, akayarundika mashati mapajani, akayakandamiza kwa mikono.

"Bon. Mwenye anataka shati yake, anunue sabuni."

"Mama, niko naenda ku bureau, ku kazi!"

"Alors, papa, nunua mbili."

Sabuni ikaisha kabla hatujafunga kamba.

Bibi yangu naye alipika sabuni, na alimfulia mteja shati kwanza, bei baadaye. Miaka yote, hadi Ijumaa hiyo, nyumbani tulisimulia kwamba huo ulikuwa ukarimu.