Baiskeli Mbili za Kwenda Ngaramtoni

Soko huria lilipofunguka, kila mtu Arusha alijigeuza apendavyo. Ndesanjo, muuza vipuri wa Daraja Mbili, alijigeuza mjenzi wa nyumba za kuuza. Akanunua shamba pembeni ya Ngaramtoni, nje ya mji, akauza duka, akauza hata ng'ombe wa mkewe Skolastika, akachimba misingi. Kikabaki kibali tu. Akikikosa wamekwisha, na Skolastika alimkumbusha asubuhi na jioni, kwa Kichaga na kwa Kiswahili.

Kibali kilikuwa mikononi mwa Mama Hanna, ofisa wa mipango miji, mtu wa makamo asiyecheka ovyo. Yeye alitaka kujua jambo moja: wakazi wa nyumba hizo watafikaje mjini bila kujaza barabara magari na moshi? Jamani, mdomo wa Ndesanjo! Akajibu watapanda baiskeli, kwani hata yeye huenda kule kwa baiskeli. Uongo mtupu. Mtu huyu hata chumvi ya dukani aliifuata kwa gari lake la Peugeot, na baiskeli hajaipanda tangu azaliwe.

Hanna akasema vizuri, Alhamisi waende wote, kila mtu na yake.

Wakakutana Elerai, kwenye njia ya Ngaramtoni. Ndesanjo kashika baiskeli ya kuazima. Mara akatokea bibi mmoja, na Ndesanjo akapata akili: mtu mwenye adabu haamkii wazee akiwa juu ya baiskeli. Akaikokota, akatoa shikamoo. Akaja mzee mwingine, shikamoo. Na ilikuwa siku ya soko, Mungu ampe nini tena, wazee wamejaa njia nzima. Akawaulizia ng'ombe, akawaulizia mvua, akawaulizia na wajukuu asiowajua. Ajabu, Hanna naye alikokota ya kwake, na kwa kuamkia alimshinda. Njia inapanda, jasho linawatoka, grisi imewachafua nguo, na hakuna anayesema tupande. Ndesanjo alimchukia mama yule kwa adabu zake!

Walipokaribia Ngaramtoni, Namnyaki, mama muuza maziwa waliyemkuta njiani, akawatazama kwa huruma. Akauliza kama hizo baiskeli zinaumwa.

Ndesanjo akasimamisha baiskeli. Misingi yake ilikuwa inaonekana pale mbele, nyasi zimeanza kuota ndani.

"Mama Hanna, nisamehe," akasema. "Mimi baiskeli sijui."

Hanna akaegemea usukani, akashusha pumzi. "Afadhali umesema. Nilikuwa nakungoja wewe upande, nikwambie tumbo linaniuma."

Namnyaki alicheka mpaka akatua maziwa chini. Hanna akasema kibali atampa, ila kwanza atenge njia pana ya waenda kwa miguu, yenye miti, kutoka kwenye nyumba hadi lami, kwa kuwa sasa wameona wenyewe watu wa huku wanavyosafiri. Ndesanjo akakubali hapo hapo, akashukuru kwa mikono miwili.

Kisha wakapima. Njia ikapita katikati ya misingi ya nyumba ya kona, ile ambayo Skolastika alijichagulia na ameshaishonea mapazia.