Mkate Uliopita Mbele ya Skolastika

Skolastika Ayuo alipika pombe ya mtama kwa rozari. Wapishi wengine wa pombe hapa kwetu Udagarani hupima kwa jua, au hutia kidole wakalamba. Yeye alipima kwa mafumbo ya rozari. Akichochea kuni alianza Matendo ya Furaha, povu likipanda alikuwa kwenye Matendo ya Uchungu, na akifika Salamu Malkia mtungi ulikuwa tayari kuepuliwa. Wanywaji walimtania kwamba ukimaliza vibuyu viwili vya pombe yake unaona malaika. Aliwajibu kuwa malaika hawakai na watu wenye midomo michafu kama yao, nao wakacheka na kuagiza kibuyu kingine.

Na mwanamke huyo, aliyesali hata moshi ukimtoa machozi, alikuwa hajapokea komunyo kwa miaka ishirini na miwili. Hapa kijijini hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Alikuwa mke wa pili wa Beyuo, na Beyuo alikuwa amefunga ndoa kanisani na Leokadia. Leokadia alizaa binti mmoja tu, Eulalia, kisha tumbo likafunga. Ndipo baba yake Skolastika, mtu wa kukata shauri bila kumuuliza mtu, akamtoa binti yake kwa Beyuo akaongeze watoto. Hakupata hata mmoja. Kwa hiyo alikosa mkate wa Bwana kwa ajili ya watoto ambao hawakuja. Jambo hilo huniudhi mpaka leo, ingawa yeye mwenyewe sikumsikia akilalamika.

Kila Jumapili alikaa benchi la mwisho. Wenzake walipopanga mstari kwenda mbele, alipiga magoti, akafumba macho asiwaone, akamwambia Bwana kwamba yupo hapa na kwamba Yeye anamjua. Beyuo naye alizuiliwa vilevile, lakini hakujali. Alisema Mungu anamtambua hata bila mkate, akaenda zake kunywa. Leokadia ndiye aliyepanda mbele. Akirudi alipenda kupita njia ya nyuma, karibu na benchi la mwisho, midomo kaifumba, shingo kainyoosha. Nyumbani alimwita mwenzake "mke wa mlangoni".

Kisha Leokadia akaanguka kisimani. Kiharusi kilimchukua upande mzima wa kulia, mkono, mguu na nusu ya mdomo. Eulalia alikuwa ameolewa kijiji cha pili na ana watoto wadogo, Beyuo ni mwanamume, na wanaume wetu mnawajua. Kazi ikamwangukia Skolastika. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini mgonjwa huyu aliutema uji, na kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki alitukana vizuri kuliko sisi wenye mdomo mzima. Skolastika alimwogesha, akamgeuza, akampaka mafuta ya shea mgongoni ili asipate vidonda. Miezi ya kwanza aliyafanya hayo kwa kumcha Mungu tu, meno kayauma.

Asubuhi moja alipokuwa akimgeuza, Leokadia aliachia ushuzi mkubwa ukasikika mpaka uani. Wakatazamana. Leokadia akaanza kucheka kwa upande mmoja, Skolastika akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile mambo yalibadilika kati yao. Skolastika alihamishia mtungi wake wa pombe karibu na mlango wa mgonjwa, wakawa wanasali rozari pamoja, mmoja akitamka na mwingine akiguna. Jina la mke wa mlangoni likafa, akawa "mdogo wangu".

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, katekista Dery alikuja kwa baiskeli kumletea mgonjwa komunyo. Skolastika alitandaza kitambaa cheupe juu ya kigoda, akawasha mshumaa, akapiga magoti. Mwokozi alipita mbele yake, hatua moja tu, akaenda kinywani mwa mwingine. Wengi wangeona uchungu. Yeye aliona uchungu, na ndani ya uchungu huo akampenda Mungu kupita alivyowahi kumpenda alipokuwa msichana wa komunyo ya kwanza. Alimtamani kama watu wanavyotamani maji majira ya upepo mkavu, na zile Ijumaa ndizo alizozihesabia mwaka.

Aliyeharibu mambo ni Dery, tena bila nia mbaya. Siku moja alipokuwa akipanda baiskeli alimwambia Skolastika avumilie, maana mama huyu akitangulia, Beyuo atakuwa mgane, na padri ataibariki ndoa yao bila shida. Akaenda zake akipiga kengele ya baiskeli. Jamani, kuna maneno ambayo mtu angeyameza tu.

Tangu siku hiyo Salamu Maria ilimkwama Skolastika. Akifika "sasa na saa ya kufa kwetu", aliiona saa ya kufa kwa Leokadia. Aliiona, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Alijichukia. Akaongeza uji maziwa, akaanza novena, sala ya siku tisa, kuomba mgonjwa apone, na katikati ya novena akajikuta anafikiria nguo ya kuvaa siku ya ndoa. Akaenda kwa Padri Ziem, akamweleza yote waziwazi. Padri alimsikiliza, akamwambia kwamba wazo linalompitia mtu si dhambi mpaka alikaribishe, basi ashike kazi yake na asimwache mgonjwa. Akarudi nyumbani, akaahidi mbele ya Mungu na mbele ya Leokadia mwenyewe kwamba hatamwacha afe peke yake.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa pili vumbi lilikuwa limefunika jua. Leokadia alikuwa ameamka vibaya, anapumua kwa kukoroma. Dery alimpa kipande kidogo cha hostia, ule mkate wa komunyo, akasali haraka kwa sababu alikuwa na wagonjwa wengine watano, akaondoka. Beyuo alikuwa msibani kijiji cha jirani. Skolastika alikuwa anakunja kitambaa alipomsikia mwenzake anapaliwa. Akamkimbilia, akamwinua kichwa, na kile kipande cha hostia kikatoka kizima, kikaangukia kiganjani mwake.

Alibaki amepiga magoti, mkono wazi. Miaka ishirini na miwili, na sasa Bwana yuko mkononi mwake, na hakuna anayemwona ila mtu mmoja aliyelala mkekani. Na mtu huyo mmoja alikuwa anamtazama. Leokadia alivuta pumzi, akalisukuma neno kwa ile nusu ya mdomo.

"Kula wewe."

Skolastika akatikisa kichwa. Machozi yalimtoka.

"Kula, mdogo wangu. Nimekupa."

Hakula. Hakuthubutu. Katekista alikuwa amewafundisha wote kwamba hostia ikikataliwa na mgonjwa, itiwe majini mpaka iyeyuke, na maji yamwagwe pasipokanyagwa. Hilo alilikumbuka, akachukua kibuyu kipya, akatia maji, akaiweka ndani. Angeishia hapo ingekuwa sawa. Lakini aliutazama mkono wake, mkono wa mtu wa mitala, aliyeushika mwili wa Bwana bila ruhusa, akaingiwa na hofu kubwa. Akaona haifai kibuyu kile kikae nyumba moja naye hata saa moja. Kilimpasa kifike kwa padri.

Akakifunika kwa kile kitambaa cheupe. Leokadia akaelewa.

"Usiende," akasema.

"Nakwenda na kurudi, dada. Siwezi kumweka Bwana hapa."

Ni mwendo wa saa nzima mpaka kanisani. Alitembea na kibuyu kifuani, kwa mikono miwili, asimwage tone, akiwapita watu njiani bila kuitika salamu zao. Baadaye alikiri kwamba mwendo ule ulikuwa saa tamu kuliko zote za maisha yake. Alikuwa na Bwana wake peke yake, anamwimbia polepole, na kwa saa ile hakumkumbuka Leokadia kabisa. Hapo ndipo panapomuuma.

Padri Ziem alikipokea kibuyu, akainamisha kichwa. Kisha akamuuliza mgonjwa ameachwa na nani. Skolastika alipojibu kwamba ameachwa peke yake, padri alisema taratibu, "Ungekifunika tu, ukakaa naye."

Alirudi mbio. Alimkuta Leokadia ameteleza nusu mwili nje ya mkeka, uso umeelekea mlangoni, kafa.

Marimba zilipigwa siku mbili. Leokadia aliketishwa juu ya jukwaa la maiti amevaa nguo ya chama cha kina mama, na waliofiwa wakafungwa kamba mikononi, kila mmoja na mtu wa kumshika asije akajidhuru kwa uchungu. Eulalia, mfiwa wa karibu kuliko wote, alifungwa ukanda wa ngozi. Skolastika naye alinyoosha mkono. Yule mzee mwenye kamba akamtazama Eulalia kwanza, Eulalia akatikisa kichwa, mzee akapita. Hakuna aliyemshika Skolastika siku zile mbili. Alilia huru, kama mpita njia.

Kabla ya kuzika, Eulalia alimkabili Skolastika mbele ya watu akamuuliza, "Mama alikufa na nani?"

"Nilikuwa nimempeleka Bwana kanisani, mwanangu."

"Na mama yangu ulimwachia nani? Ulikuwa unaingoja siku hii, mama mdogo. Kijiji kizima kinajua utakachopata."

Angekana, wengi tungemwamini. Lakini hakuwa mwongo, na alijua kwamba moyo wake ulikuwa umeruka kwa furaha, si mara moja. Akanyamaza, na watu wakaupokea unyamavu wake kuwa jibu.

Mwaka ukapita, matanga ya mwisho yakamalizika. Beyuo, ambaye kifo kilikuwa kimemtisha, alikubali mwenyewe kwenda kuungama. Jumamosi moja padri aliibariki ndoa yao mbele ya mashahidi wawili, bila ngoma. Skolastika naye aliungama, akaondolewa dhambi. Kesho yake, Jumapili, aliingia kwenye mstari wa komunyo kwa mara ya kwanza tangu usichana wake. Watu walimpisha. Hata waliomsema vibaya walimpisha.

Miaka yote alikuwa akifumba macho saa ile, hivyo hakuwahi kuona nani anapanda na nani anabaki. Leo macho yalikuwa wazi. Alipogeuka kidogo alimwona Eulalia amesimama mlangoni, mgongo kauegemeza kwenye fremu, mikono kaikunja, hapandi. Akamuuliza kwa kunong'ona jirani aliyemfuata kwenye mstari, yule mama akamjibu kwamba ni mwaka sasa, tangu mazishi, yule mtoto hapokei.

Mbele yake walikuwa wamebaki watu watatu. Kisha wawili. Skolastika akatoka kwenye mstari. Kanisa zima likamwona akishuka katikati, akiyapita mabenchi yote mpaka mlangoni.

"Mbona hupandi, mwanangu?"

"Nipande na moyo gani?" Eulalia alisema bila kumtazama. "Nikikuona tu nakuchukia. Padri anasema nisipokee na chuki, nami nimejaribu kuitoa, haitoki. Nenda wewe. Si ndicho ulichokuwa unakingoja?"

"Ndicho."

"Basi nenda."

Skolastika hakwenda. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, miguuni pa yule binti. Alikuwa na njaa ya Mungu, na hakuna lililokuwa linamzuia tena, si padri, si ndoa, si Leokadia. Padri Ziem alisubiri kidogo, macho mlangoni, kisha akakifunika kikombe. Misa ilipokwisha Eulalia alimruka miguu akaondoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata Skolastika alifika mapema, akakaa pale pale kwenye ngazi, kumngoja Eulalia.