Fundo la Mfuko Uliofuka Moshi

Siku ya kuja lori la taka za hatari, mama mtunza jengo huwa hakamatiki. Kila mfuko anaoletewa huutikisa sikioni, macho kafumba: "Chupa. Chupa tena. Haa! Betri za rimoti! Rudi hapa, baba, hizi zina ndoo yake!" Vidole vyake vina madoa ya rangi za makopo ya wapangaji wote, na mafundo ya mifuko yao anayajua kama sura zao. Mkosaji huandikwa namba ya mlango wake kwenye ubao wa getini, kwa chaki nyekundu.

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini, aliyekwisha kuandikwa mara mbili, ndiye aliyeona leo mfuko ukifuka moshi ndani ya pipa la karatasi. "Mama, moto!" Mama alishafika. Aliuchana mfuko, akachomoa betri ya simu iliyovimba kama shavu lenye jino bovu, akaifukia kwenye ndoo ya mchanga.

"Fundo la nani hilo?" fundi akauliza kwa hamu.

Mama akalitazama fundo, akalitazama tena, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Mfuko wangu mwenyewe sikuutikisa!" Akaokota chaki, akaandika namba ya mlango wake mwenyewe, kubwa kuliko zote.