Nyanya Aliponiita Mgeni

Nilikuwa mume wa nyanya yangu tangu kabla sijaota meno. Kwetu Takaungu utani huo ni wa kawaida: mjukuu wa kiume ni mume, na kazi ya mume ni kutukanwa. Basi siku ile niliporudi nyumbani nikamwamkia, "Shikamoo, nyanya," nilitarajia aniulize ni mume gani huyu arudiye mikono mitupu. Akanijibu kwa adabu, "Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ni wa nani?"

Nikaingiwa na hofu. Mama mdogo akasema ni homa tu, na kichwa kinamuuma, yatapita. Mimi siamini mambo ya kupita. Tukamkimbiza hospitali Kilifi.

Daktari, binti wa bara aliyenizidi umri kidogo, akampima malaria, hakuna. Akampiga picha ya kichwa, kisha akasema anashuku ubongo umevimba kwa maambukizi. Lazima achote maji ya uti wa mgongo.

"Ugonjwa uko kichwani, sindano uichome mgongoni?" nikamuuliza.

"Tangi lenu liko juu ya paa. Ukitaka kuyaona maji yake, si unafungua mfereji huku chini?"

"Na mfereji ukiharibika?"

"Wewe umesomea nini?"

"Uchumi."

"Basi kaa."

Mama mdogo akalia kwamba wachomwao mgongo hupooza. Nikamuuliza nani alimwona huyo aliyepooza. Jirani wa shoga yake, akasema.

Maji yakatoka safi kama ya mvua, nikashukuru. Daktari akasema macho hayatoshi. Kweli, maabara ikakuta chembe nyeupe za kupigana na maambukizi, bila bakteria. Huenda ni kirusi. Dawa ilikuwa imeshaanza kuingia mshipani. Daktari hakuwa amengoja jibu la maabara.

Kila asubuhi alimuuliza nyanya, akininyooshea kidole, "Huyu ni nani?"

"Mgeni."

Sikuwahi kutamani matusi kiasi kile.

Kisha siku moja nyanya akanitazama sana. "Huyu? Mume wangu."

Daktari akashusha pumzi. "Bado amechanganyikiwa."

Mama mdogo akapiga kigelegele wodi nzima ikageuka. "Amepona!"

"Mama, amemwita mjukuu wake mume!"

"Ndivyo alivyo akiwa mzima!"

Daktari naye mbishi. Akavuta kiti. "Nyanya, mume wako anafanya kazi gani?"

"Kubishana. Amekwenda chuo kikuu kusomea. Nilimkubali kwa huruma tu."

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Nyanya hakuniangalia, alikuwa akimpima daktari juu hadi chini.

"Na wewe ndiye mke mwenzangu? Basi punguza sindano, mwanangu. Mchukue tu, hatuna haja ya kuuana."